Kisiwani, ng'ambo au shamba: ukae wapi Mombasa?

Mpwa wangu alinipigia simu Alhamisi usiku, na hata salamu hazijesha akaniambia, "Mjomba, nimekwama." Ameoa majuzi. Mamake, yaani dadangu, ataka wakae Majengo katika nyumba ya marehemu baba yetu, ambako vyumba viwili vi wazi. Mkewe ni mtu wa Tiwi, na shangazi yake kule ana nyumba ya kupangisha pembeni mwa shamba. Yeye mwenyewe ameona nyumba Kiembeni, vyumba viwili, vigae vyeupe, jiko ndani kwa ndani, na dalali amempa mpaka Jumatatu.

Nikamwambia dalali siku zote hukupa mpaka Jumatatu.

Nimeonja kote kutatu. Nimezaliwa Kuze, Mji wa Kale, nikakaa Kisauni miaka kumi na mmoja, na huu ni mwaka wa nane niko Rabai. Sikumwambia mpwa wangu akae wapi, kwa sababu lililonifaa mimi mwaka ule si lazima limfae yeye mwaka huu. Nilichofanya ni kumwambia alete kalamu. Haya ndiyo tuliyoandika, nimeyapanua kidogo kwa mwengine aliyekwama kama yeye.

Kwanza maneno. Kisiwani ni Mvita: Mji wa Kale, Majengo, Tudor, Ganjoni, Kizingo, Tononoka na mitaa iliyo katikati yake. Ng'ambo ni mitaa ya kuvukia: kaskazini kuna Kongowea, Nyali, Kisauni, Kiembeni, Bamburi hadi Mtwapa (ambayo kwa karatasi ni Kilifi, lakini kwa maisha ni Mombasa), magharibi Changamwe, Mikindani, Jomvu, Miritini, kusini Likoni na Mtongwe. Shamba ni kule minazi inakoanza kuwa mingi kuliko nyumba: Tiwi, Matuga na Msambweni upande wa Kwale, Rabai, Ribe na Kaloleni upande wa Kilifi.

Na tusijidanganye kwamba kukaa Mombasa ni kukaa kisiwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chote, ilikuwa na 154,171 tu. Karibu mmoja kati ya wanane. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, na Likoni 250,358. Wengi wetu tunaosema "mimi wa Mombasa" tunalala ng'ambo.

Tulichoandika kwenye karatasi ni mambo matano: utavuka maji mara ngapi kwa siku, maji ya kutumia yatatoka wapi, kodi na ardhi zikoje, hospitali na shule ziko umbali gani, na jirani zako watakuwa nani. Joto, mbu na stima tuliviweka mwisho kwa pamoja, maana havitofautiani sana kama watu wanavyodhani.

Kuvuka

Hili ndilo kubwa, na ndilo watu hulipima vibaya, kwa sababu huenda kuangalia nyumba Jumapili saa nne asubuhi wakati barabara ni nyeupe.

Kisiwani huvuki. Kutoka Tudor hadi bandarini Kilindini ni tuktuk moja, na ukikosa nauli unatembea ukafika. Foleni ipo, hasa Mwembe Tayari na Buxton saa za jioni, lakini ni foleni ya kukuudhi, haikuharibii siku. Kama kazi yako iko nje ya kisiwa, tuseme hoteli za Bamburi au viwanda vya Changamwe, kukaa kisiwani kuna faida nyingine ambayo haitajwi: unasafiri kinyume cha umati. Wao wanaingia, wewe unatoka.

Ng'ambo ina milango mitatu na kila mmoja una tabia yake. Kaskazini ni daraja la Nyali, ambalo tangu 1980 limebeba mji uliokua mara kadhaa. Asubuhi magari hujazana tangu Kongowea, jioni tangu Buxton, na ikinyesha ongeza nusu saa. Magharibi ni Makupa, ambako daraja jipya lilifunguliwa 2022 mahali pa ile njia ya kujaziwa udongo. Daraja ni zuri, ila unagawana barabara na malori ya makontena, na lori moja likilala Changamwe basi siku imelala nalo.

Kusini ni feri. Ambaye hajaivuka feri ya Likoni saa kumi na moja na nusu alfajiri asikubali kuelezwa, aende. Umati umesimama kwenye banda la kusubiri. Mlango wa chuma unashuka na kukwaruza zege, walio ndani hawajesha kutoka na walio nje washaanza kujongea. Mama ana beseni la mahamri kichwani limefunikwa kwa leso, na shingo yake haitikisiki. Mtoto wa shule anasoma daftari huku anasukumwa. Hakuna anayekimbia, lakini hakuna anayetembea pia. Mwendo kwa miguu haulipiwi hata senti, na upana wa maji ni mdogo kiasi kwamba unamwona mtu wa upande wa pili akifungua kibanda chake. Feri zikiwa nzima, ni dakika chache. Moja ikiharibika, mwambie bosi wako mapema. Na wazee wa Mtongwe hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa. Ndiyo maana utawaona wengine hawasogei karibu na ukingo hata leo.

Mwenye gari sasa ana njia ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini ikavuka Mwache na Mteza hadi Kibundani, bila kugusa feri. Kwa anayekwenda uwanja wa ndege au stesheni ya SGR kutoka Kwale imekuwa rehema. Kwa anayekwenda posta kisiwani ni mzunguko mrefu, na mafuta yana bei.

Shamba unajumlisha. Mimi nikiwa na shughuli mjini hutoka Rabai saa kumi na nusu alfajiri, bodaboda hadi Mazeras, matatu hadi Changamwe, halafu Makupa. Siku njema saa moja na nusu. Siku mbaya sitaki kuikumbuka. Mtu wa Tiwi au Matuga hukamata matatu hadi Likoni halafu feri juu yake.

Tukapiga hesabu ya mpwa wangu kwa bei alizotajiwa yeye. Wewe weka zako. Anafanya kazi Kilindini siku 26 kwa mwezi. Ghorofa ya Tudor, kama hataki nyumba ya Majengo, ni 28,000, na tuktuk ya 50 kwenda na 50 kurudi ni 2,600. Jumla 30,600. Kiembeni kodi ni 18,000, nauli 150 kwenda na 150 kurudi ni 7,800, jumla 25,800. Tiwi kodi 9,000, nauli vilevile 7,800, jumla 16,800.

Sasa weka saa. Ukilinganisha na Tudor, Tiwi itamla saa tatu zaidi kila siku, yaani saa 78 kwa mwezi, na itamwokolea 13,800. Ni kama analipwa shilingi 177 kwa kila saa anayokaa garini na kwenye feri. Kiembeni itamla saa mbili zaidi, saa 52, na itamwokolea 4,800 tu: shilingi 92 kwa saa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kumbe pale kati ndipo panaponipunja." Nikamwambia asikimbilie. Kiembeni anapata nyumba mara moja na nusu ya ile ya Tudor, na mtoto akizaliwa, kile chumba cha ziada kina thamani ambayo hesabu hii haikuitia.

Maji

Mombasa haina mto wala ziwa la kunywa. Maji matamu hutoka mbali: Mzima kule Tsavo Magharibi, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950; Baricho kando ya mto Sabaki; Marere katika vilima vya Shimba; na visima vya Tiwi. Kila mtaa wa mji huu uko mwisho wa bomba la mtu mwengine. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale linatarajiwa kuongeza, na likishakamilika huenda nikaiandika upya sehemu hii.

Kisiwani mfereji hutoka kwa zamu. Kwetu Kuze ulikuwa ukikohoa saa nane usiku, hewa kwanza, kisha maji ya kutu, kisha maji. Mamangu alikuwa akiusikia usingizini. Angeamka, angeipanga mitungi uani kwa mstari, na ole wako uliyelala fofofo ulipoitwa. Nyumba nyingi za zamani zina kisima cha maji ya chumvi cha kuogea na kufulia, na maji ya kunywa hununuliwa kwa mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Ghorofani kuna tangi na pampu, ambayo ni sawa mpaka stima ipotee, hapo unapotewa na vyote viwili.

Ng'ambo, ukiambiwa "maji yapo saa ishirini na nne", uliza maji gani. Mara nyingi ni ya kisima. Chukua kipande cha sabuni unapokwenda kuangalia nyumba, osha mikono kwenye sinki: povu likikataa, ni chumvi, na hiyo chumvi itakula bomba za bafu, itaharibu birika, na chai itakuwa na ladha yake. Kisauni nilibadilisha kichwa cha bomba la mvua mara nne. Jambo la pili ni zito zaidi. Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake, na ploti zikibanana kisima cha huyu kinakaa hatua chache kutoka shimo la yule. Ya kisima hayo ogea na ufulie. Ya kunywa nunua au chemsha. Hata Nyali kwenyewe kwenye kuta ndefu, lori la maji utapishana nalo langoni.

Shamba hutegemea shamba gani. Tiwi maji ya chini ni matamu, ndiyo maana mji unayavuta. Rabai nina paa la mabati, mfereji wa paa na tangi la lita 10,000. Masika hulijaza, na nikibana matumizi hunifikisha mbali, lakini kaskazi ikikolea, Januari mpaka Machi, nanunua kama watu wa mjini. Ukiingia ndani zaidi, Kinango na Samburu ya Kwale, watu huchota kwenye silanga, yaani bwawa la kuchimbwa, pamoja na mifugo. Usinunue shamba huko kwa sababu ulilitembelea Juni likiwa kijani.

Kodi, nyumba na ardhi

Kwa mpangaji hakuna fumbo. Kisiwani unalipa zaidi kwa nafasi ndogo, ng'ambo unapata kila saizi, kuanzia chumba kimoja cha Mshomoroni hadi majumba ya Nyali, na shamba kodi ni ndogo lakini nyumba za kupanga zilizokamilika ni chache. Angalizo moja tu kuhusu ng'ambo: tangazo likisema "Nyali", uliza ni karibu na nini. Jina hilo hunyooshwa na madalali mpaka likafika mahali ambapo hata matatu ya Nyali haifiki.

Anayetaka kumiliki ndiye mwenye kazi.

Kisiwani kuna kitu ambacho mgeni hukielewa kwa shida: nyumba bila ardhi. Majengo na mitaa mingine ya zamani imejaa nyumba za Kiswahili, vyumba sita vya kutazamana na ukumbi katikati, ua nyuma, ambazo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwengine. Unanunua kuta na paa, na kila mwezi unamlipa mwenye ardhi. Mfumo huu umewapa makao watu wasio na uwezo wa kununua kiwanja, na haki yake tuitambue. Lakini mwenye ardhi akiuza, au akifa na warithi wakaja na mawazo mapya, wewe una matofali tu. Hata nyumba ya baba yetu ni hivyo hivyo, na dadangu hakumwambia mwanawe. Mji wa Kale nao ni eneo lililohifadhiwa kisheria: huwezi kuamka ukabomoa roshani ukaweka alumini. Mimi naona ni jambo jema, ila mfuko wako uwe unajua mapema.

Ng'ambo hatari kubwa ni ploti moja kuuzwa mara mbili, au kuuzwa na asiye na karatasi kwenye ardhi ya watu waliokaa tu. Fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za umiliki, katika ofisi ya ardhi wewe mwenyewe au wakili wako. Usikubali kuletewa sachi na anayekuuzia.

Shamba bei huvutia, na ndipo nilipoungulia. Ardhi ya Pwani ina donda la zamani: sheria ya 1908 ilitaka kila mwenye madai ndani ya ukanda wa maili kumi kutoka baharini aje ayasajili, na Wamijikenda wengi wakajikuta wageni kwenye mashamba ya mababu zao. Mpaka leo kuna vijiji vizima vinavyolima bila hatimiliki, na mwenye hati yuko mbali au hajulikani. Kwa hiyo juu ya sachi kuna idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi kwa ardhi ya kilimo, kuna idhini ya mke au mume wa muuzaji, na kuna wazee. Ukilipa kwa mtoto mmoja wa ukoo bila wenzake kujua, umejinunulia kesi.

Na kuna miti. Mwezi wa pili baada ya kuhamia Rabai, alfajiri, nikaona mzee na kisu cha kugemea kiunoni yuko juu ya mnazi wangu. Nikampigia kelele. Akashuka polepole, akanisalimia vizuri, akaniambia minazi mitatu ile ni yake, marehemu baba yake ndiye aliyeipanda, na aliyeniuzia shamba alijua. Pwani mti waweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwenyewe mwengine. Hakuna wakili aliyenifundisha hilo. Tulikaa na wazee wa kijiji, nikailipia minazi yangu mara ya pili, na mzee yule sasa ndiye rafiki yangu mkubwa. Mnazi bado anaugema yeye, na nazi zikianguka ananiletea.

Hospitali na shule

Kisiwani ndiko iliko Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, pamoja na hospitali kubwa za binafsi. Mwenye mgonjwa wa sukari, wa figo, au mjamzito mwenye historia ya matatizo, hili peke yake laweza kuamua kila kitu. Ng'ambo kliniki ni nyingi na dawa zinapatikana, lakini kesi kubwa huvushwa. Shemeji yangu wa Likoni alishikwa na uchungu usiku wa manane. Ambulensi hupewa nafasi ya kwanza kwenye feri, kweli, lakini feri ikiwa upande wa pili hata ambulensi husubiri ije. Alijifungua salama, dakika kumi baada ya kufika. Shamba la kusini lina hospitali ya rufaa ya Msambweni na ya Kwale, la Rabai tunategemea Mariakani au tunashuka mjini. Tafuta namba ya jirani mwenye gari kabla hujaihitaji.

Shule sitarefusha. Kisiwani kuna shule za zamani zenye majina, Allidina Visram, Coast Girls, Mama Ngina, Star of the Sea, na Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor. Ng'ambo zimejaa za binafsi, nzuri na za kubahatisha, jengo kwa jengo. Mashambani ziko shule imara za bweni, Ribe na Kwale kwa mfano, ila shule ya msingi ya karibu yaweza kuwa na watoto wengi na madawati machache. Nenda ukahesabu. Madrasa utaipata popote.

Jirani

Kuze mtu hakohoi bila kuulizwa hali. Baraza lina macho, na macho yale yalinilea: nikitoroka chuo cha Kurani habari ilifika nyumbani kabla yangu. Ukiwa na msiba, sufuria za jirani zishawekwa jikoni kabla hujamaliza kupiga simu. Ukiwa na siri, usikae Kuze. Jioni kuna viazi karai kwenye kona, mishkaki, kahawa chungu na vikombe vyake vidogo, na Ijumaa kuna upepo wa bahari pale Lighthouse kwa bei ya kachiri za mhogo.

Ng'ambo watu wanatoka kila pembe ya Kenya, na hilo lina uzuri wake kwa aliyechoka kuulizwa "wewe mtoto wa nani". Kisauni ghorofa yetu ilikuwa na milango kumi na miwili na lugha saba. Tulisalimiana, tukagawana bili ya pampu, tukaachana. Usalama hubadilika mtaa kwa mtaa. Kuna sehemu za Kisauni na Likoni ambazo magenge ya vijana wenye mapanga yamewahi kuzitia hofu, na mita mia tano kutoka hapo watu hulala madirisha wazi. Mtwapa hulala asubuhi. Kama nyumba iko karibu na barabara kuu, sikiliza muziki wake Ijumaa usiku ndipo utie sahihi.

Shamba utakuwa mgeni kwa miaka. Watakupokea vyema, lakini watakuhesabu kwa matanga: ulikuja au hukuja, ulitoa au hukutoa. Anayekwenda shamba akidhani anatafuta upweke atashangaa. Na kwa mzee anayerudi kustaafu, nisemeje, kuna vijiji vya Kilifi na Kwale ambako wazee wamesingiziwa uchawi na wengine wakauawa, mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa ardhi. Sio kila kijiji, wala sio vingi. Lakini migogoro ya mirathi imalizwe kabla mzee hajahamia, sio baada.

Joto, mbu na stima

Kaskazi ni kaskazi popote. Mji wa Kale una vichochoro vyembamba vyenye kivuli, ghorofa za juu za Tudor na Nyali hupata upepo wa bahari, Rabai iko juu kidogo na usiku hupoa. Nyumba ya mabati isiyo na dari ni tanuri hata ikiwa wapi. Mbu wako kote, malaria ni kali zaidi mashambani, chandarua hakina mjadala. Stima hupotea kwa wote, ila shamba hukawia kurudi. Taa ya sola niliyonunua imeshalipa gharama yake. Na karibu na Shimba, tembo hushuka kwenye mahindi. Kwangu mimi ni tumbili tu.

Kwa hali yako

Kama mnaanza maisha, nyote mnafanya kazi kisiwani na hamna mtoto, kisiwani huwarudishia saa ambazo hamtazipata tena, hata kama chumba ni kidogo. Nyumba ya familia ya Majengo ina faida ya kutolipa kodi. Gharama yake ni choo cha pamoja na mama mkwe mlango wa tatu, na hiyo ni ya kuulizwa mke, si mume.

Kama mna watoto wawili watatu na kazi ziko Bamburi, Nyali au Mtwapa, kaeni ng'ambo ya kaskazini mmalize. Kulipa kodi ya kisiwani ili mvuke daraja kila siku hakuna maana. Vivyo hivyo kwa wafanyakazi wa Changamwe na Miritini: Mikindani na Magongo hazina sifa ya Nyali, lakini mtu anafika kazini kabla chai haijapoa.

Kama mmoja anafanya kazi kisiwani na mwengine ng'ambo, mwenye kazi isiyo na saa maalumu ndiye avuke. Mwenye kuripoti saa mbili kamili akae upande wa kazi yake.

Kama kazi yako ni ya mtandaoni, au unakwenda mjini mara moja kwa wiki, shamba linaanza kuwa na akili sana. Jaribu intaneti ukiwa ndani ya nyumba yenyewe, sio barabarani, na upange mwaka mzima kabla ya kununua, upite masika na kaskazi.

Kama unamhudumia mzazi mgonjwa, usiweke feri wala daraja kati yake na hospitali anayoitegemea.

Kama una pesa za kiwanja lakini kazi yako bado iko mjini, hakuna aliyesema ulale kwenye kiwanja chako. Panga unapofanyia kazi, panda minazi unapotaka kuzeekea. Uliza kwanza iliyopo ni ya nani.

Na popote utakapoangalia, nenda siku ya kazi kabla ya alfajiri, ukae steji uhesabu matatu zinazopita zikiwa zimejaa. Kisha mtafute mwenye mkokoteni wa maji umuulize mtaa ule hununua mitungi mingapi kwa siku. Mwenye nyumba atakwambia maji yapo. Mwenye mkokoteni hana sababu ya kukudanganya, na akikwambia biashara ni nzuri, umeshaelewa.

Mpwa wangu na mkewe wamekubaliana kulala siku mbili Majengo, mbili Tiwi, na mbili kwa rafiki Kiembeni, kila pahali wakitoka kwenda kazini kama kawaida. Wako katikati ya zoezi hilo sasa. Dalali alipiga Jumatatu, akaambiwa asubiri. Akapiga tena Jumatano. Nyumba bado ipo.